Anaanguka kabla ya duru ya pili: fizikia inamsaidiaje mwalimu wa dansi?

Swali kutoka kwa msomaji wa Morogoro:

"Nafundisha kikundi cha wanafunzi wa sekondari: ngoma za asili, pamoja na baleti kidogo niliyoipata kwenye warsha. Wakizunguka kwa mguu mmoja, wengi wanaanguka kabla ya kumaliza duru ya pili. Nawaambia 'jivute juu, kaza tumbo'. Wengine wanarekebika, wengine hawabadiliki kabisa. Mwalimu mwenzangu wa fizikia anasema jibu liko kwenye somo lake. Je, fizikia inaweza kweli kumfundisha mtu kucheza, au itawachosha tu? Ukumbi wetu ni wa sakafu ya zege, na wawili wameanza kulalamika magoti."

Jibu:

Mwalimu, pole na kazi. Mwenzako amesema kweli, ila kweli yake ina mpaka. Fizikia haimfundishi mtu kucheza. Haimpi mdundo wala madaha, na haimwambii kama ngoma hii ni ya furaha au ya msiba. Inachofanya ni kumwonyesha mwalimu kosa limezaliwa wapi. Kwa kazi yetu hilo ni jambo kubwa, kwa sababu kwenye dansi kosa huonekana mahali pamoja ilhali limeanzia pengine, mapema zaidi.

Mwili hauwezi kujianzishia mwendo peke yake. Ili mchezaji aruke, azunguke, aende mbele au asimame, lazima kitu kilicho nje yake kimsukume au kimvute. Jukwaani vitu hivyo ni vitatu: sakafu, uvutano wa dunia, na mwenzako aliyekushika. Hewa ipo, lakini kwa kasi tunazochezea mchango wake ni mdogo mno. Mikono, tumbo, kichwa na mabega vyote ni vya ndani. Vinaweza kugawana mwendo uliokwisha kupatikana, haviwezi kuuleta. Ndiyo maana mwanafunzi anapokosea, mimi hujiuliza kwanza: alisukumwa na nini, na lini? Mara nyingi aliyemsukuma ni sakafu, na ilikuwa kabla ya pale macho yangu yalipoliona kosa.

Wanafunzi hawalikubali hili kwa maneno matupu, kwa hiyo waonyeshe. Tafuta kiti cha ofisini kinachozunguka, kile kisichokwama. Mwanafunzi akae, anyanyue miguu isiguse chini, kisha mwambie ajizungushe kwa kurusha mikono na mabega kwenda kulia. Kiti kitaenda kushoto. Akiisimamisha mikono, kiti nacho kinasimama. Arushe kwa nguvu zaidi, mambo ni yaleyale. Halafu mruhusu aguse sakafu kwa ncha ya mguu na kusukuma mara moja tu. Hapo atazunguka, na hatahitaji maelezo mengine. Ukiwaangalia vizuri wale wanaoanguka, naamini utakuta wengi wanafanya lile la kwanza: wanajirusha kwa bega na mkono huku miguu haijafanya kazi yoyote ya maana. Bega linatangulia, kiwiliwili kinapinda, nyonga zinabaki nyuma, na mzunguko unakufa.

Sasa tuitazame pirueti, yaani mzunguko wa baleti juu ya mguu mmoja, kwa karibu, maana ndipo penye tatizo lako. Inaanzia kwenye miguu miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma, magoti yamekunjwa. Wakati wa kuondoka, mguu mmoja unasukuma sakafu kuelekea kulia na mwingine kuelekea kushoto. Sakafu, kwa msuguano, inairudisha misukumo hiyo kinyume chake, na kwa kuwa miwili hiyo inapingana, mwili hauendi upande wowote bali unazunguka. Hapa kuna habari ya wenzo: kwa nguvu ileile, miguu iliyoachana sentimita 40 inatoa msukumo wa kuzungusha maradufu ya miguu iliyoachana sentimita 20. Lakini upana una gharama yake. Kitovu cha uzito, ambacho kwa mtu aliyesimama kiko chini kidogo ya kitovu cha tumbo, kilikuwa katikati ya miguu miwili, na kufumba na kufumbua kinatakiwa kiwe juu ya mguu mmoja. Kadiri miguu ilivyoachana, ndivyo safari hiyo inavyokuwa ndefu. Mchezaji mzoefu anaimudu. Anayeanza hafiki, na anaanza kuzunguka akiwa tayari ameinama.

Kutokana na hayo unaweza kuanza kusoma makosa. Anayezunguka huku akisafiri ukumbini, misukumo ya miguu yake haikulingana; mguu mmoja ulisukuma kuliko mwingine, na kilichobaki kikambeba. Anayeangukia nyuma mara nyingi aliondoka uzito ukiwa bado kwenye mguu wa nyuma. Anayeangukia upande ule anakozungukia, tazama bega lake. Wote watatu unaweza kuwaambia "kaza tumbo", na yule ambaye tumbo lake ndilo lililolegea atarekebika. Wawili waliobaki watakaza na kuanguka vilevile. Nadhani hapo ndipo penye wanafunzi wako wasiobadilika.

Kuhusu kuanguka kwenyewe, hesabu inatisha kidogo, na ni vizuri mwalimu aijue. Mchukulie mchezaji wa sentimita 160 aliyenyooka kabisa, akiwa amesimama juu ya ncha ya mguu mmoja na asijirekebishe kwa lolote. Akianza akiwa ameinama digrii 1 tu, kiasi ambacho hata wewe uliye mbele yake huwezi kukiona, baada ya nusu sekunde mwinamo umepita digrii 2, na sekunde nzima ikitimia umefika karibu digrii 10. Digrii 10 ni kuanguka. Mwinamo hauongezeki kwa mwendo sawa. Kadiri ulivyo mkubwa ndivyo unavyokua kwa kasi. Duru moja ya anayejifunza inaweza kuchukua sekunde nzima au karibu yake. Kwa hiyo anayeanguka kwenye duru ya pili hakukosea kwenye duru ya pili. Alikuwa ameshaanguka wakati kisigino kinanyanyuka, ila hakuna aliyeona.

Hii ndiyo sababu ninayokushauri uache kwa muda kufundisha duru mbili. Fundisha kuinuka. Mwanafunzi aanze kwenye magoti yaliyokunjwa, ainuke juu ya ncha ya mguu mmoja, mikono ikifunga mbele ya kifua kama vile angezunguka, lakini asizunguke. Abaki hapo sekunde mbili au tatu, ashuke kwa hiari yake. Akiweza mara nyingi mfululizo, aongeze robo duru, kisha nusu, kisha nzima. Wanafunzi hawapendi zoezi hili, linaonekana la kitoto. Lisimamie tu. Kwanza wapeleke ukutani: mwanafunzi asimame ubavu wake wa kulia na mguu wa kulia vikigusa ukuta, kisha umwambie anyanyue mguu wa kushoto na kubaki hapo. Hawezi. Ili anyanyue mguu wa kushoto anapaswa kwanza kuhamishia uzito kulia, na ukuta umemzuia. Akishalihisi hilo mwilini, anaelewa kwamba kusimama kwa mguu mmoja kunaanza na kuhama, na kwamba uhamisho huo lazima uwe umekamilika kabla ya mguu wa pili kuondoka.

"Jivute juu" nalo usilitupe. Kwa fizikia hakuna kinachomvuta mtu juu akiwa amesimama, na mwanafunzi mjanja atakuuliza hivyo. Ila mtu akijaribu kujivuta juu, misuli ya kiwiliwili inashikana, na mwili unakuwa kitu kimoja kuanzia kifundo cha mguu hadi utosini. Mwili ulioshikana unaweza kurekebishwa kwa msukumo mdogo wa vidole vya mguu. Uliolegea kiunoni, vidole vikisukuma, nyonga zinakwenda huku na kifua kule. Picha za maneno tunazowapa wanafunzi ni zana halali. Ninachosisitiza ni mwalimu ajue ipi ni picha na ipi ni sababu, ili picha ikigoma awe na pa kwenda.

Kazi ya mikono sasa. Mikono haianzishi mzunguko, lakini inaamua utakuwa wa kasi gani. Mzunguko ukishapatikana kutoka sakafuni, momenta yake, yaani kiasi cha mzunguko ambacho mwili umebeba, hubaki ileile mpaka kitu cha nje kiiguse, na sehemu ya mwili inapokuwa mbali na mhimili (ule mstari wa wima ambao mwili unauzunguka) inakula sehemu kubwa ya momenta hiyo. Athari ya umbali huu inakwenda kwa kipeo cha pili, yaani umbali mara mbili, athari mara nne: chupa ya maji ya nusu lita ukiishika sentimita 70 kutoka mhimili, inauzuia mzunguko mara 12 kuliko ukiishika sentimita 20. Rudi kwenye kile kiti. Mpe mwanafunzi chupa mbili zilizojaa, anyooshe mikono pembeni, msukume taratibu, kisha azilete kifuani. Mshikie kiti, maana kasi itamshtua. Kwenye pirueti, mkono wa upande anakozungukia unafunguka wakati miguu bado inasukuma sakafu, na unachukua akiba ya mzunguko. Mikono ikifungwa, akiba hiyo inarudi kwa mwili mzima. Mkono ukifunguka miguu ikiwa imekwisha kuondoka, hakuna akiba iliyowekwa. Tofauti ni sehemu ndogo ya sekunde, na kwa macho huioni, lakini video ya simu inaionyesha.

Kichwa nitakipitia haraka. Wengi wanaamini kugeuza kichwa kwa ghafla na kurudisha macho mahali pamoja kunaongeza kasi. Kichwa ni karibu asilimia 8 ya uzito wa mwili na kiko juu ya mhimili wenyewe, kwa hiyo mchango wake kwenye kasi ni mdogo. Faida yake ni kwa macho na kwa kizunguzungu, ambacho kinaletwa na majimaji ya sikio la ndani yanayoendelea kwenda wakati mwili umeshasimama. Fundisha kichwa, lakini baada ya miguu.

Mwaka mmoja au miwili mbele, kama kuna mwanafunzi atakayefika kwenye fuete, yaani duru za mfululizo juu ya mguu mmoja huku mguu wa pili ukifagia hewani, utaona sheria ileile ikitumiwa kwa ustadi wa hali ya juu. Pierina Legnani, Mwitaliano, aliwashangaza watazamaji wa St Petersburg katika miaka ya 1890 kwa kupiga fuete 32 mfululizo. Siri ni kwamba katika kila duru kuna kitambo kidogo ambapo mwili unatazama mbele kana kwamba umesimama, huku mguu ulio hewani ukifagia pembeni na kubeba momenta karibu yote. Katika kitambo hicho mguu wa chini unashusha kisigino, unagusa sakafu vizuri, na unaiomba msukumo mpya kufidia uliopotea kwa msuguano. Duru 32 ni maombi 32 kwa sakafu.

Na hapa ngoma zetu zina hekima yake. Kwenye udongo au mchanga, kuzunguka kwa ncha ya mguu mmoja ni kujichimbia shimo, na goti ndilo linalolipa, kwa sababu mguu unang'ang'ania chini na mwili unaendelea kugeuka. Ndiyo maana mchezaji wa ngoma akitaka kuzunguka huenda kwa hatua ndogondogo, na kila hatua inapata msukumo wake. Usiwafundishe wanafunzi kwamba hiyo ni njia duni. Ni jibu sahihi kwa sakafu ile.

Katika sindimba ya Wamakonde vilevile, mtazame mchezaji mzuri: magoti yamekunjwa, nyonga zinakwenda kwa kasi upande mmoja na mbavu zinajibu upande mwingine, kichwa kimetulia. Kwa kuwa nyonga na kifua vinapingana, karibu hakuna mzunguko unaobaki wa kuizungusha miguu, na sakafu haina mzigo mkubwa wa kushika. Mwanafunzi anayekaza mabega anavunja mpango huo. Kiwiliwili chote kinageuka na nyonga, nyayo zinateleza au zinajikunja, na anachoka kabla ya wimbo kwisha. Hapa "kaza" ndiyo amri mbaya. Unachotaka ni kiuno kilicho huru kati ya sehemu mbili.

Nije kwenye kuruka, maana hapa kuna jambo ambalo walimu wengi wanagombana nalo bila kujua. Mtu akiondoka chini, kitovu chake cha uzito kimeshapewa njia yote, juu na chini, na hakuna anachoweza kufanya hewani kuibadilisha. Muda wa kukaa hewani unategemea kimo tu. Kuruka sentimita 20 ni sekunde 0.4, sentimita 30 ni karibu nusu sekunde, sentimita 40 ni sekunde 0.57. Huwezi kuruka juu zaidi na kurudi haraka zaidi. Sasa chukua ngoma inayopiga midundo 120 kwa dakika, na wanafunzi waruke kila mdundo. Kuna nusu sekunde kati ya mdundo na mdundo. Ondoa kiasi cha sekunde 0.2 ambazo miguu iko chini, inabaki 0.3, na hiyo ni sentimita 11 tu. Mpigaji akishuka hadi midundo 80, kuna nafasi ya sentimita 37. Mwalimu anayepaza sauti "juu zaidi!" huku mpigaji wake akiharakisha anaomba kisichowezekana, na wanafunzi wanamjibu kwa kukosa mdundo. Kaa na mpigaji wako kabla ya mazoezi, mpatane. Wamorani wa Kimaasai wanaporuka katika adumu, wimbo na mruko vinakwenda pamoja, mwili umenyooka na visigino havitulii chini. Kano kubwa iliyo nyuma ya kisigino inatanuka mguu unapogusa ardhi na kurudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo katika mruko unaofuata. Akituliza visigino na kusubiri, nguvu hiyo inapotea na misuli inaanza upya.

Muda wa mruko unaweza kuupima kwa simu. Video nyingi za simu zinachukua picha 30 kwa sekunde. Pitisha picha moja moja, hesabu zile ambazo miguu haigusi chini: picha 15 ni nusu sekunde, yaani sentimita 30, picha 12 ni sentimita 20. Angalia tu mwanafunzi asiwe anakunja magoti ili achelewe kugusa chini, maana kipimo kitadanganya.

Kutua ndiko kunakonitia wasiwasi kwako, kwa sababu ya zege na magoti. Mwanafunzi wa kilo 50 aliyeruka sentimita 30 anarudi na kasi ambayo lazima imalizwe mahali fulani. Akiimaliza ndani ya sentimita 5, magoti yakiwa karibu yamenyooka, sakafu inamsukuma kwa wastani wa mara 7 ya uzito wake, sawa na kubebeshwa kilo 350 kwa kitambo hicho. Akiimaliza ndani ya sentimita 15, ni mara 3. Akishuka sentimita 30 kwa goti lililokunjwa vizuri, ni mara 2. Mruko ni uleule. Kilichobadilika ni umbali wa kusimama, na umbali huo unaamuliwa na vidole vinavyogusa kwanza, kisigino kinachofuata, na goti linalokunjika likielekea vilipo vidole, lisiingie ndani. Sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya vipande vya mbao inaongeza kidogo kwenye umbali huo kwa kunepa. Zege halinepi hata kidogo, kwa hiyo kila sentimita lazima itoke mwilini mwa mtoto.

Kipimo chako hapo ni sikio. Fanyeni mazoezi ya kutua ambapo anayeshinda ni yule asiyesikika. Kishindo ni dalili ya kusimama ghafla.

Sasa namna ya kuliingiza somo hili bila kuwachosha. Usilete ubao. Kabla ya zoezi, waulize watabiri: kiti kitaenda wapi? Kisha wafanye, kisha walieleze wenyewe. Dakika tano kwa kipindi zinatosha, na jambo moja kwa wiki. Hesabu ziwe za wanaozitaka. Watakuwapo, na mara nyingine ni wale ambao darasani kwa mwenzako walikuwa wamekata tamaa. Mwalike na yeye aje akae kwenye kiti, kisha ajaribu pirueti. Kenneth Laws, mwanafizikia wa Chuo cha Dickinson kule Pennsylvania, Marekani, alianza kujifunza baleti akiwa mtu mzima mwenye kazi yake, na miongoni mwa watu walioeleza vizuri fizikia ya mzunguko na mruko yeye ni mmoja. Alizijua hesabu tangu zamani, lakini maswali ya mchezaji aliyapata kwa kucheza.

Wale wawili wa magoti, wasiruke kabisa kwa sasa, na wasizunguke pekupeku kwenye zege. Waendelee na zoezi la kuinuka na kazi ya kiuno. Goti likivimba, likikwama au likiuma hata wakiwa wamekaa, waende hospitali kabla ya mazoezi mengine. Kwa kundi zima, punguza idadi ya miruko kwa kipindi, na kama shule inaweza kupata mbao, jengeni hata kipande cha mita nne kwa nne cha kurukia. Mkeka mwembamba wa mpira juu ya zege haufanyi kazi hiyo. Unapunguza baridi na utelezi tu. Mkiweka mbao, ziache ziwe na nafasi tupu chini yake, na mtembee juu yake na kusikiliza kama kuna ubao unaocheza kabla mtoto wa kwanza hajaruka.